Sufuria ya shaba: itazame ndani kabla ya kuiteleka

Sufuria, kwa asili ya neno lenyewe, ni chombo cha shaba. Waarabu huiita shaba ya manjano sufr, na hapo ndipo Mswahili alipopata jina la chombo chake cha kupikia. Kwa hiyo mtu asemapo "sufuria ya shaba" ni kama asemaye shaba ya shaba, na asemapo "sufuria ya alumini" amesema neno ambalo mababu zetu wangelicheka. Lakini lugha ina mambo yake. Leo ukimtuma kijana wa hapa Mombasa akuletee sufuria atakuletea ile nyeupe nyepesi. Ile ya shaba ataipita imekaa juu ya kabati kama pambo, asijue kuwa hiyo ndiyo mwenye jina.

Ninaandika haya nikiwa Buxton, mtaa ulio njiani kwendea daraja la Nyali. Nyumba za zamani za mtaa huu zilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 2020 kupisha magorofa mapya, niliona mambo ambayo aghalabu hayaonekani ila siku ya kuhama. Vitu vilivyokaa uvunguni miaka 30 na 40 vilitoka nje juani: vinu, mbuzi za kukunia nazi, masinia, madele ya kahawa yaliyovunjika midomo, na sufuria za shaba zilizopigwa na giza hata hujui kuwa ni shaba. Nyingine ziliingia kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, zikapimwa kwa kilo pamoja na mabomba. Nyingine walizichukua mabinti, na sasa ziko Kisauni na Bamburi zinapikiwa juu ya jiko la gesi na watu ambao hawakupata kufunzwa namna ya kuzitumia. Hawa ndio nitakaozungumza nao leo. Waliouza wamekwisha kuuza.

Na tuanze na uzuri wake, kwani hizi sufuria hazikupendwa bure.

Shaba inajua moto. Wataalamu waliopima wamekuta kuwa hupitisha joto kiasi cha mara moja na nusu na zaidi kuliko alumini, kama mara 5 kuliko chuma cha kawaida, na zaidi ya mara 20 kuliko kile chuma cheupe kisichoshika kutu. Maana yake jikoni ni hii. Mpishi wa pilau ya arusi anayepika kwa kuni uwanjani hana kitasa cha kupunguzia moto. Moto humpiga chini ya sufuria mahali pamoja, na alumini nyembamba humpa ukoko mweusi katikati na wali mbichi pembeni. Shaba nene huuchukua moto ule ikautawanya sufuria nzima, chini na ubavuni. Na akizivuta kuni zake, sufuria nayo hupoa upesi, haiendelei kuunguza kwa ukaidi. Ndiyo sababu wapishi wakubwa wa zamani walikuwa wakiuliza habari ya sufuria kabla ya kuuliza habari ya mchele.

Nimesema shaba nene. Vile vyombo vyepesi vya madukani, vilivyopigwa nyundo kwa nakshi ili mgeni anunue, havina faida hiyo. Sufuria ya kupikia hasa ina unene wa kama milimita 2 au zaidi, na ukiinyanyua mkono wenyewe utakwambia.

Halua nayo ina habari yake. Oman hupikwa katika sufuria kubwa ya shaba waiitayo mirjal, na mafundi wa halua wa pwani yetu wamefuata mtindo huo huo katika makarai yao. Halua husukwa kwa saa mbili na zaidi bila ya kuachwa. Sukari ikipata mahali pamoja penye moto mkali kuliko penginepo huungua, na ikishaungua uchungu wake hautoki kwa hiliki wala kwa zafarani. Shaba haina mahali pamoja penye moto mkali. Na kwa kuwa mle ndani hakuna ila sukari, samli, wanga na viungo, wala hakuna kitu kikali kama ndimu, shaba haipati cha kuila. Neno hili tulishike, tutalirudia.

Kwa dele la kahawa sina haja ya kusema mengi. Liko sanamu lake kubwa kwenye njia ya kuingilia Mji wa Kale, na wauza kahawa wenyewe wangali wakipita jioni na makaa chini na vikombe mkononi.

Basi kama shaba ni nzuri hivi, imekuwaje ikaondoka majikoni? Wengi husema ni usasa. Mimi naona ni hesabu. Shaba ilikuwa ghali, nzito, na kila baada ya muda ilimtaka fundi. Kisha mwaka 1929 kikaanzishwa hapa hapa Mombasa kiwanda cha Kenya Aluminium, ambacho baadaye kilijulikana sana kwa jina la Kaluworks, na sufuria nyepesi zikamiminika kwa bei ambayo hata mchukuzi wa bandarini aliimudu. Haikutaka fundi wala haikuvunja mgongo wa anayeosha. Katika muda wa kizazi kimoja shaba ikahamia kwenye arusi, khitma na maulidi tu, na katika stoo za wakfu za misikiti, ambako sufuria kubwa huwekwa ili kila mwenye shughuli aazime. Walipopungua wapishi wa shaba wakapungua na mafundi wake, na walipopungua mafundi ndipo ilipoanza hatari.

Kilichotokea kwenye khitma

Nitasimulia kisa kimoja. Majina nitayasitiri, kwa kuwa wenyewe wangali hai na ni majirani.

Ilikuwa khitma ya arubaini. Nyumba ilijaa watu, na sufuria zote zilijaa nyama. Mke wa kijana wa nyumba ile alitakiwa atengeneze mchuzi wa ukwaju wa kulia bajia na sambusa, mwingi, wa kutosha watu mia. Akamwuliza mavyaa yake auweke wapi. Mama yule akatoa uvunguni sufuria ya shaba ya marehemu nyanya yake, ikaoshwa, mchuzi ukapikiwa humo usiku na ukalala humo mpaka siku ya pili. Baada ya sala ya alasiri watu wakaandikiwa. Haikupita nusu saa, watoto wakaanza kutapika. Kisha wanawake wawili wakashika matumbo. Kufika saa kumi na mbili walikuwa watu tisa.

Wasomaji wangu wa pwani hawahitaji kuambiwa yaliyofuata. Wiki moja nyuma mkaza mwana yule alikuwa amegombana na mavyaa yake, na mtaa mzima ulisikia. Mchuzi ameupika yeye, tena peke yake, usiku. Neno "sumu" likasemwa jikoni kwa sauti ndogo, kisha likasemwa ukumbini kwa sauti kubwa. Mtu mwingine akatia la uchawi. Msichana wa watu amekaa kwenye kinu analia, hana la kusema, maana atasema nini? Kufika magharibi kaka zake walikwisha kuja kumchukua kumrudisha kwao Majengo.

Alikuwapo mama mmoja wa mtaani, muuguzi mstaafu. Huyu hakuuliza nani amepika. Aliuliza, "Sufuria iko wapi?"

Ilikuwa bado haijaoshwa. Nami niliitazama kwa mato yangu. Juu ya mstari wa mchuzi shaba ilikuwa na rangi yake ya zamani, kahawia nzito karibu na nyeusi. Chini ya mstari ilikuwa nyekundu, safi, inang'aa kama senti mpya.

"Nani aliyeisugua ndani?" akauliza. Hakuna aliyeisugua. "Basi ni ukwaju ulioisugua. Na kile kilichosugulika kimekwenda wapi?"

Watu wote wakaligeukia bakuli.

Alhamdulillahi hakufa mtu. Watu wazima walipewa maji ya sukari na chumvi kidogo, watoto wawili wadogo walipelekwa hospitali na kuruhusiwa siku ya pili. Siku ya tatu mavyaa alifunga safari ya Majengo pamoja na bibi wawili wa makamo. Alikaa kibarazani kwa wazazi wa mkaza mwanawe kwa muda wa saa nzima kabla ya kuambiwa karibu ndani. Msichana alirudi kwa mumewe. Lakini mchuzi wa ukwaju hapiki tena katika nyumba ile, wala hakuna anayethubutu kumwomba.

Sasa mambo yalivyo ni haya. Shaba peke yake, kavu na safi, haina neno. Lakini ikikutana na kitu kikali huyeyuka kidogo kidogo ikaingia katika chakula, na kadiri kinavyokaa ndivyo inavyozidi. Ukwaju ni mkali, ndimu ni kali, siki ndiyo usiseme. Tungule, maembe mabichi, achari, mtindi, maji ya matunda, vyote hivi ni katika jamaa moja. Mwili wetu unataka shaba, lakini kiasi cha miligramu moja tu kwa siku, na twaipata katika maini, kunde, korosho na dagaa bila ya kuitafuta. Wataalamu wa Marekani wameweka miligramu 10 kwa siku kuwa ndio mpaka wa mtu mzima. Ikizidi sana kwa mara moja tumbo lenyewe huikataa: kichefuchefu, kutapika, msokoto na kuhara, aghalabu katika muda mfupi baada ya kula. Mdomoni huacha ladha ya chuma. Kanuni za usafi wa chakula za Marekani zinawakataza kabisa wenye mikahawa kuweka vitu vikali katika shaba tupu.

Tena biriani! Biriani yetu ina mtindi, ina tungule, ina ndimu. Ni chakula cha mwisho kinachofaa kupikwa katika shaba tupu, na ndicho cha kwanza ambacho watu huzitolea zile sufuria kubwa.

Bati, na yule anayelitia

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walikuwa wakipika biriani hizo hizo katika shaba wala hawakudhurika, kwa sababu sufuria zao hazikuwa tupu. Zilitiwa bati ndani.

Hapa lazima nitenganishe maneno mawili, maana lugha imetuchanganya. Mabati ya paa si bati. Yale ni chuma kilichopakwa zinki. Bati hasa ni madini nyingine, nyeupe, laini, isiyoshika kutu upesi wala kuliwa na ukwaju. Waarabu huliita qal'i, na inasemekana wamelipa jina hilo kwa bandari ya Kalah kule upande wa Malaya walikolinunua. Wahindi wakaligeuza kalai, na kutia kalai ndiko kutia bati.

Nilipokuwa mdogo alikuwako mzee mmoja wa Kikachi aliyekuwa akitandika gunia lake chini karibu na Marikiti. Sisi watoto tulikuwa tukienda kumtazama kama watu waendavyo senema. Kwanza aliisugua sufuria kwa mchanga na maji, akiingia ndani kwa miguu na kujizungusha kiuno kama mcheza ngoma. Kisha aliiweka juu ya makaa na kupuliza kwa mvukuto mpaka ishike moto sawasawa. Akarusha unga wa nushadiri, moshi mweupe ukatoka ukatukohoza sote. Papo hapo akagusisha kipande cha bati, likayeyuka kama samli, naye akalizungusha upesi upesi kwa donge la pamba. Sufuria nyekundu ikageuka fedha mbele ya macho yetu. Mwisho aliitumbukiza katika maji, ikalia shwaa! Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Wa namna hiyo leo ni wa kutafutwa kwa taa. Mmoja nilimpata Mji wa Kale, mtu mzima sana, anayeifanya kazi hii mara moja moja tu akipelekewa na wenye misikiti. Nilimwuliza, "Ami, mbona vijana wanatia rahisi na wewe ghali?"

Akacheka. "Bati mwanangu ni ghali. Risasi ni rahisi. Na zote zikiyeyuka ni nyeupe. Nikikutilia risasi hutajua wewe, wala hatajua mkeo. Watajua watoto wako baadaye."

Maneno haya ndiyo yaliyonifanya nikaandika makala hii. Risasi haitapishi mtu siku ile ile ikajulikana. Huingia mwilini kimya, ikajificha katika mifupa, na kwa mtoto huharibu akili yake kabla hajaanza chuoni. Na sisi watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kutoijua. Kule Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, na watu wa kijiji kile wakaathirika kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na shauri likapanda mahakama za juu.

Utamjuaje fundi mkweli? Mwambie akuonyeshe kipande chake kabla hajakitia motoni. Kichore juu ya karatasi nyeupe: risasi huacha alama ya kijivu kama penseli, bati safi haliachi. Kisha kikunje karibu na sikio. Bati safi likikunjwa hulia, sauti ndogo ya kukwaruza, ambayo mafundi wa ulimwengu mzima huiita kilio cha bati. Risasi hukunjwa ikanyamaza. Kipande kilichochanganywa kidogo kinaweza kukupita hata hivyo, kwa hiyo ikiwa fundi amekasirika kwa kuombwa haya, mshukuru na uichukue sufuria yako.

Wala asidhani mwenye alumini kuwa yeye amesalimika. Zile sufuria zinazoyeyushwa mitaani kwa vyuma vya kila namna, vipande vya mainjini na vitu visivyojulikana vilikotoka, zimepimwa na watafiti katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na matokeo yao yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha risasi katika nyingi yazo. Ya kiwandani ni afadhali.

Bati lina adabu zake. Huyeyuka kwa joto la digrii 232, ambalo si joto kubwa. Mafuta ya kukaangia sambusa hufika 180 na kitu, kwa hiyo bado salama, lakini sufuria tupu iliyosahauliwa juu ya jiko la gesi hulipita joto hilo katika muda wa kutoka mlangoni kumjibu mgeni. Weka maji au mafuta kwanza, ndipo uteleke. Tumia mwiko wa mti, si kijiko cha chuma. Usisugue ndani kwa steliwaya hata kama mchuzi umeganda; iloweke. Sufuria ya kila siku huenda ikataka kurudiwa baada ya mwaka au miaka michache, ya arusi hudumu zaidi. Wekundu ukijitokeza mahali padogo si msiba, lakini ukifika ukubwa wa sarafu ya shilingi mpelekee fundi. Na chakula kikishaiva kipakuliwe. Hata yenye bati si chombo cha kulaza chakula.

Kwa wale waliohamia kwenye magorofa na kununua majiko mapya ya umeme yanayopasha kwa nguvu ya sumaku, nawapa habari mbaya: shaba haishiki moto humo kabisa. Jiko halijaharibika, ni sufuria isiyojibu sumaku.

Maziwa ya mtoto

Kuna jambo moja ambalo sitaki msomaji aliruke, hasa mama mwenye mtoto mchanga au bibi anayelea wajukuu.

Katika milima ya Tyrol, nchi ya Austria, kati ya mwaka 1900 na 1974 walikufa watoto wachanga na wadogo 138 kwa ugonjwa wa ini ambao madaktari hawakujua asili yake. Ulikuwa katika familia za wakulima, ukaaminiwa kuwa ni wa kurithi. Ilipochunguzwa, watoto hao walikuwa wakilishwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa katika sufuria za shaba zisizotiwa bati. Sufuria zile zilipoondoka majikoni ugonjwa nao ukaondoka. Habari hii ilichapishwa mwaka 1996. Na kabla ya hapo, mwaka 1983, madaktari walikwisha kueleza kuwa ugonjwa unaofanana na huo uliokuwa ukiua watoto India ulikuwa na uhusiano na maziwa yaliyochemshwa na kuwekwa katika vyombo vya shaba ya manjano. Ini la mtoto mchanga haliwezi bado kuitoa shaba kama la mtu mzima. Kwa hiyo maziwa ya mtoto na uji wake usivitie katika shaba hata siku moja, hata iwe imetiwa bati jana.

Wako pia watu wazima wachache wenye maradhi ya kurithi yaliyoelezwa na daktari Wilson mwaka 1912, ambao maini yao hayatoi shaba. Mwenye kuambiwa na daktari kuwa anayo, vyombo hivi kwake ni vya kutazama tu.

Maji ya usiku

Siku hizi imezuka habari ya kunywa maji yaliyolala katika chombo cha shaba. Wahindi wamefanya hivyo tangu kale. Hili lina ukweli wake. Watafiti wa Bangalore walitia vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara katika maji, wakayaweka katika vyungu vya shaba saa 16, na hawakukuta kilicho hai. Shaba iliyoingia majini ilikuwa chini sana ya miligramu 2 kwa lita ambazo Shirika la Afya Ulimwenguni limeruhusu. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Katika mji kama wetu, ambao kipindupindu kimeutembelea si mara moja, si habari ya kudharau.

Lakini chombo cha maji ndicho kisichotiwa bati, kinyume cha sufuria, na ndipo watu wanapokosea. Na kiwe cha maji matupu. Nimemwona mtu akikamulia ndimu humo ati apate dawa mbili kwa mpigo! Huyo ameyageuza maji yake kuwa yale yale ya khitma. Ama kuponya kisukari, presha na maumivu ya viungo, kama inavyotangazwa na wauzaji, hayo mimi sijaona aliyeyathibitisha.

Waliosoma chuoni watakuwa wamekumbuka somo la maji katika mlango wa tohara. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyopashwa na jua katika chombo cha madini kinachofuliwa, kama shaba na chuma, katika nchi ya joto, ni makuruhu kuyatumia mwilini. Sababu waliyoitaja mafakihi ni kuwa jua hutoa katika chombo kile uchafu unaoelea juu ya maji, na ukakhofiwa kuleta mbaranga. Imamu Nawawi mwenyewe hakuiona dalili ya karaha hiyo kuwa na nguvu, na madaktari wa leo hawasemi kuwa mbaranga hutokana na shaba. Lakini nilipoisoma tena baada ya kisa cha khitma nilistaajabu. Watu wale, karne nyingi kabla ya maabara, walikwisha kutambua kuwa chombo hutoa kitu kikaingia majini.

Na asije mtu akachukua hapo kuwa shaba imekatazwa. Vilivyokatazwa ni vyombo vya dhahabu na fedha. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Abdallah bin Zaid kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maji katika chombo cha sufr akatawadha. Ni neno lile lile la sufuria yetu.

Kabla hujaiuza

Bei ya shaba imepanda. Mwezi wa Mei mwaka 2024 tani moja ilipita dola 10,000 katika soko la London, kwa sababu ulimwengu unataka nyaya za umeme. Ndiyo sababu mikokoteni haipungui mitaani. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ilisimama mpaka mwezi wa Mei, kisha ikarudi kama kawaida. Mwenye mkokoteni atakupa bei ya kilo. Hatakulipa kazi ya mfua shaba aliyeipiga sufuria ile kwa nyundo, na hiyo haipatikani tena kwa bei yoyote. Kama lazima uuze, jua kwanza unauza nini. Chukua sumaku ndogo uigusishe: ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiposhika, kwaruza chini kidogo uone rangi. Nyekundu ni shaba yenyewe, ya manjano imechanganywa na zinki.

Ukiamua kuiweka, itazame ndani. Nyeupe, pika. Nyekundu, itumie kwa halua, au itundike ukutani, au umtafute fundi. Ikiwa na kijani, hiyo ni kutu ya shaba nayo ni sumu, isiguse chakula mpaka imesafishwa yote. Nje isugue kwa kipande cha ndimu kilichochovywa katika chumvi, au kwa ukwaju uliobaki, maana hapa ndipo ukwaju unapofaa. Kisha ioshe kwa sabuni na maji mengi, uikaushe kwa kitambaa pale pale. Maji yetu ya visima yana chumvi, na tone moja likiachwa usiku kucha asubuhi utakuta doa la kijani.